Jina Lililoshinda Gunia la Sukari

Mimi bahati siipendi, na mtu asidhani nina roho mbaya. Watu wakinikuta kanisani siku hizi, bibi mzima na rozari yangu mkononi, wanapenda kuniambia, "Mama Amito, wewe una bahati bwana, mumeo alipona wakati ule." Huwa najibana. Siku nyingine mdomo unanishinda, nawaambia haya, vuteni benchi mkae, niwaeleze hiyo bahati yenu ilikuja na sura gani.

Ilikuwa Kampala, mwaka wa sabini na saba, serikali ikiwasaka watu wa makabila yetu, mwaka ambao Mwacholi au Mlangi akiulizwa jina alitazama kwanza nyuma yake. Mume wangu, Saverio Ongom, alikuwa fundi wa magari ya polisi. Mdogo wake, Yakobo Ochan, alikuwa mtunza stoo jeshini. Ochan ndiye waliyeanza naye. Walimkuta mchana kweupe kwenye kituo cha mafuta, wanaume wa miwani myeusi na mashati ya maua, wakafungua buti la gari na kumwambia ingia. Mama mmoja muuza karanga alituletea kofia yake. Alisema Ochan aliivua mwenyewe akampa, akasema mpelekee Filda. Filda ni mke wake, na wakati huo tumbo lake lilikuwa limeshafika hapa.

Siku ile ile tulitoka kambini na vitu vya kubeba kichwani tu. Tukapanga chumba Kabalagala, nyuma ya baa moja ya waragi, kwa mama wa Kinubi anayeitwa Zubaida, muuza vitenge wa Kikuubo. Tulimwambia sisi ni wajane. Zubaida alitutazama mmoja mmoja, mimi, Filda na binti yangu Amito, akasema, "Kale, haya, wajane nao hulala," akatupa ufunguo. Hakuuliza zaidi. Filda aliposhikwa na uchungu, Zubaida ndiye aliyempokea mtoto, maana kwenda hospitali ilikuwa ni kwenda kutaja majina. Akawa wa kiume. Filda akamvisha ile kofia ya baba yake, ikamfunika mpaka kidevuni. Tulicheka, halafu tukalia sana.

Kwetu Ochan ni jina la mtoto aliyezaliwa katika shida. Filda alisema jina hilo lilimfaa baba, linamfaa na mwana, na siku ya ubatizo atalitamka mwenyewe, kwa sauti, mbele ya watu wote. Kabla ya siku hiyo hakutaka tumwite mtoto jina lolote. Tulimwita bwana mdogo. Jioni, akiosha vyombo, nilikuwa namsikia akijifundisha lile jibu peke yake: "Yakobo Ochan, Padre. Yakobo Ochan."

Na Saverio wangu? Saverio alikuwa karibu, na huo ukaribu ndio ulioniua. Padre wa kigango chetu, Padre Bisimwa, Mkongo wa Bukavu, alimficha jikoni kwake. Alimwita Petero, mpishi. Saverio alinyoa kichwa, akafuga ndevu, akavaa aproni. Kupika hakujua. Mapadre walikula posho mbichi, ugali usioiva, kwa miezi na hawakulalamika, Mungu awabariki. Mimi nilikuwa namuona Jumapili tu, kwa mbali, na nilikuwa siruhusiwi hata kumkunjia uso.

Sasa mpango ulikuwa umekamilika. Jumatatu alfajiri, siku moja baada ya sikukuu ya kigango, lori la misheni lilikuwa linakwenda Tororo kuchukua saruji. Dereva alikubali kumshusha Saverio karibu na mpaka, na huko kuna mtu wa kumvusha mpaka Kenya. Tulichohitaji ni kitu kimoja tu duniani: Jumapili ipite.

Na Jumapili hiyo hiyo Padre akaamua kuchezesha bahati nasibu.

Paa la kigango lilikuwa linavuja, kweli, mvua ikinyesha tulisali tumekaa upande mmoja. Lakini bahati nasibu! Na zawadi ilikuwa gunia zima la sukari, lililotoka kwa Wakatoliki wenzetu wa Kenya. Ninyi mliozaliwa juzi hamwezi kujua maana yake. Wakati ule sukari ilikuwa haipatikani ila kwa magendo, mtu akipata robo kilo anaificha chini ya godoro na kuwanyima wageni. Habari ya gunia lile ilifika Nakasero, kwa wale wenye miwani, kabla ya kufika kwa katekista. Nilimfuata Padre kwenye veranda yake, nimefunga kanga kiunoni kwa hasira.

"Padre, tangu lini kanisa linacheza kamari?"

"Mama Amito, karibu ukae."

"Sikai. Miaka yote mmetufundisha karata ni dhambi, kutupa kauri ni dhambi, kwenda kwa ajwaka kuuliza bahati ni dhambi kubwa. Leo tikiti zinauzwa na katekista!"

Alikuwa mtu wa kucheka, yule Padre, hata mambo yakiwa mabaya. "Mitume walipotaka mtu wa kushika nafasi ya Yuda, walifanyaje? Walipiga kura. Ikamwangukia Mathiya. Nao walikuwa wanacheza kamari?"

"Wale walisali kwanza."

"Nasi tutasali kwanza."

"Wale walikuwa wanatafuta mtume, Padre. Hawakutafuta sukari."

Akacheka mpaka akashika tumbo. Halafu akasema kwa upole, "Mama, bahati ni neno letu sisi tusioona mbali. Kwa Mungu hakuna kitu kinachojiangukia tu. Hata kikaratasi kikitoka ndani ya kikapu, yeye anakijua."

"Basi siku ile pale kwenye kituo cha mafuta," nikamwambia, "kikaratasi cha Ochan alikitoa nani?"

Kicheko kikamtoka usoni. Akatazama mikono yake, akasema, "Hilo sijui, mama." Nilimheshimu kwa jibu lile. Lakini sukari sikumsamehe, nikaondoka bila kuaga.

Kitu kimoja zaidi lazima mkijue. Zubaida alikuwa na mtoto wa kiume, Kamis. Alikuwa na gari, miwani, shati la maua. Alikuja kwa mama yake mara chache, akala amesimama, akaenda zake. Mimi na Filda tukisikia gari lile tulikuwa tunaingia chini ya kitanda na mtoto, na Filda anampa ziwa asilie. Siku moja Zubaida alikuwa anakunja vitenge uani, mimi namshikia ncha, akasema bila kunitazama, "Huyu mwanangu anatafuta fundi wa polisi anaitwa Ongom. Picha yake hana. Ana jina tu." Nikaendelea kushika ncha ya kitenge. Akasema, "Vuta, Mama Amito, kitenge kinajikunja." Sijui alijua nini. Nadhani alijua yote.

Jumapili ikafika. Misa ya Kiswahili, maana kigango chetu kilijaa askari na polisi na wake zao, kila mtu na lugha yake ya nyumbani. Baada ya Misa wote tukatoka uani. Sufuria kubwa zilikuwa motoni nyuma ya jiko, na mpishi Petero amesimama pale na mwiko. Ubatizo ulipangwa baada ya chakula. Filda alikuwa amevaa gomesi ya kuazima, mtoto amevikwa nguo nyeupe, na ile kofia ya Ochan ameificha ndani ya mkoba wake. Zubaida alikuja pia, tulimwalika kama mkunga wetu, akakaa mbele na wanawake.

Mimi kukaa nilishindwa. Nilikwenda kwenye lango, nikarudi. Nikapanga sahani zilizokwisha kupangwa. Nilimgombeza Amito kwa kukohoa. Kila mara jicho langu linakwenda kwenye ule mwiko nyuma ya jiko, nasema moyoni, leo tu, ee Bwana, leo tu, kesho saa hizi yuko Tororo.

Ndipo likaingia gari. Kamis. Peke yake, miwani usoni, tikiti mkononi zimefungwa kwa mpira, tele. Alikuwa amemtuma mtu amnunulie. Alikuja kuichukua sukari yake kwa haki. Watu wakamwachia benchi zima la mbele. Akakaa, akamwambia mama yake, "Leo chai ya mwaka, mama." Zubaida akasema, "Inshallah," kwa sauti ya chini.

Padre alisali kama alivyoahidi. Halafu Sista Loice, mtawa mgeni kutoka Masaka, hata wiki mbili hakuwa amemaliza kwetu, akafumba macho, akatia mkono kwenye kikapu cha vikaratasi vyenye majina ya walionunua. Akachanganya sana. Akatoa kikaratasi, akakikunjua, akatabasamu kwa watu wote.

"Mshindi wetu," akasema, "ni Saverio Ongom!"

Banange. Nimewahi kusikia bunduki, nimewahi kusikia mama akiambiwa mwanawe amekufa. Sijasikia kitu kilichoniingia mwilini namna ile. Waliojua walitazama chini. Wasiojua waligeuza shingo kumtafuta mwenye bahati. Sista, maskini, akadhani hatukusikia, akarudia kwa nguvu zaidi: "Saverio Ongom! Yuko wapi ndugu yetu?"

Nikamtazama mume wangu. Mwiko umesimama hewani. Na nawaambia ukweli, nilimuona mguu wake ukitoka. Hatua nusu. Mtu ameishi bila jina lake kwa miezi, halafu analisikia likiitwa kwa furaha mbele ya watu, mwili unaitika wenyewe kabla ya akili. Kamis alikuwa ameshavua miwani. Alikuwa anasimama polepole, anazungusha macho, benchi kwa benchi, uso kwa uso.

"Ongom," akasema. "Mimi natafuta huyu mutu siku mingi. Simama, bwana. Usiogope. Kuja chukua sukari yako."

Sikufikiri. Watu husema nilifikiri haraka, si kweli, sikufikiri kabisa. Nilimnyakua mtoto kutoka mikononi mwa Filda, nikaenda naye mbele mpaka kwenye lile gunia, nikamuinua juu kama padre anavyoinua hostia, Mungu anisamehe.

"Ongom huyu hapa!" nikapiga kelele. "Saverio Ongom ndiye huyu! Jamani pigeni makofi, mtoto wetu ameshinda sukari!"

Mtu mmoja akapiga makofi, wawili, halafu yakakoma. Kamis alikuja akasimama mbele yangu. Alinukia sabuni nzuri.

"Wewe mama, unacheza na mimi? Mutoto mudogo ananunua tikiti?"

"Tikiti amenunuliwa," nikasema, na sauti yangu ikatoka kali, ile ya kugombana sokoni, sijui niliitoa wapi. "Kwani wewe zako hazikununuliwa na mtu mwingine? Tumemtafutia bahati ya ubatizo wake. Na kama unatafuta Ongom, nenda soko la Gulu, ita mara moja, nusu ya wanaume watageuka. Utawapa wote sukari?"

Mtu akacheka nyuma, cheko la woga. Kamis hakucheka. Akamgeukia mama yake.

"Mama. Huyu mutoto unamujua?"

Zubaida akainuka pale alipokaa. "Namjua. Nimempokea kwa mikono hii."

"Jina yake nani?"

Zubaida alijua vizuri sana kwamba mtoto hana jina, na alijua jina ambalo Filda alikuwa anajifundisha kila jioni, maana ukuta wa chumba chetu ulikuwa wa mbao.

"Jina?" akasema Zubaida. "Hawa watu wanampa mtoto jina kwa maji, hukuambiwa? Huyu maji bado. Muulize padre wao."

Kamis akamgeukia Padre. Na hapa ndipo niliposema moyoni, tumekwisha. Padre Bisimwa alikuwa hasemi uongo. Wote tulimjua. Wakati mmoja askari walimuuliza kama ana divai ya Misa, akasema ndiyo, wakainywa yote. Alinitazama mimi na mtoto niliyemwinua, akamtazama Sista Loice na kikaratasi chake, akamtazama Filda.

"Mtoto huyu ni wa kubatizwa leo," Padre akasema. "Nilipanga baada ya chakula. Naona bora sasa hivi, hapa hapa, mzee Kamis asikie jina kwa masikio yake." Akavaa stola yake. Halafu akaita, bila kugeuka, "Petero! Lete maji."

Jamani. Maji angeweza kuleta mtu yeyote. Baadaye nilimuuliza Padre, kwa nini Petero? Alisema mpishi asipoitwa kuleta maji ndipo mtu anapoanza kumtazama mpishi. Labda. Saverio akaja na jagi na beseni. Alipita mbele ya Kamis, karibu mpaka aproni yake iligusa goti la yule bwana. Macho chini. Maji yalikuwa yanachezacheza ndani ya jagi, nami nikawa nasali maji yale yatulie, nasali kwa maji tu, mambo mengine yote nimesahau.

Filda alisimama karibu nami. Nilikuwa bado nimemshika mwanawe, kama mama wa ubatizo. Uso wa Filda ulikuwa hauna kitu. Hapo ndipo nilipoelewa nimefanya nini. Hata neno moja sikuwa nimemuuliza.

Padre akaanza, kama kitabu kinavyotaka: "Mtoto huyu mnampa jina gani?"

Filda akafungua mdomo.

Kamis akainamisha kichwa, akasogeza sikio.

Filda alimtazama Saverio, shemeji yake, na lile jagi. Saverio naye akainua macho, kwa mara ya kwanza, na nikaona anatikisa kichwa, kidogo sana: usifanye. Alikuwa tayari, mjinga yule. Alikuwa tayari kuweka jagi chini na kusema ni mimi. Filda akatia mkono ndani ya mkoba wake, nikajua anashika kofia.

"Saverio Ongom," akasema. Kwa sauti. Mbele ya watu wote, kama alivyokuwa amepanga.

"Mnaomba nini kwa Kanisa la Mungu?"

"Ubatizo."

"Saverio Ongom," Padre akasema, "nakubatiza kwa jina la Baba." Saverio akamimina katika kiganja cha Padre. "Na la Mwana." Akamimina. "Na la Roho Mtakatifu." Mtoto akapiga ukelele wa hasira, na Zubaida, Mwislamu yule, akapiga vigelegele kuliko wanawake wote wa kigango, wakamfuata wengine, uwanja ukalipuka, watu wanaimba na machozi yanawatoka.

Kamis alingoja tumalize. Akavaa miwani yake.

"Sawa," akasema. "Lakini mutoto hanywi chai." Akagonga lile gunia kwa kiatu. Hakuna aliyempinga, nani angempinga? Akatazama huku na huku, akaonyesha kidole. "Wewe mupishi. Beba. Weka kwa gari."

Saverio akalibeba gunia begani. Nikawafuata kwa nyuma, siwezi kubaki, Amito ananivuta kanga nami namsukuma. Kamis akafungua buti. Lilikuwa tupu, safi, limetandikwa gunia la katani. Saverio alisimama mbele ya lile shimo. Alisimama muda mrefu kuliko anavyosimama mtu anayetua mzigo, na Kamis nyuma yake, mkono juu ya kifuniko. Nikasema sasa. Sasa atamsukuma. Nikang'ata kidole changu mpaka damu, kovu lake hili hapa.

Saverio akainama, akalilaza gunia ndani taratibu, kwa mikono miwili, kama mtu anayelaza mgonjwa. Akarudi nyuma.

Kamis akafunga buti. "Asante, mzee," akamwambia mume wangu, akaingia garini, akaenda.

Nilimfuata Saverio jikoni, nikafunga mlango, nikachukua ule mwiko nikampiga nao. Nilimpiga begani, mkononi, popote. "Jina lako! Uliandika jina lako! Wewe una kichaa? Ungeandika Petero ungekufa?"

Hakujikinga. "Joska," akaniita kwa jina langu, "nilitaka kuwaachia sukari kabla sijaondoka. Na ningeandika Petero, bahati ingekwenda kwa nani? Mungu hamjui Petero. Mungu ananijua mimi kwa jina nililobatizwa."

Hebu niambieni, mtu kama huyo unamfanya nini? Alikuwa mcheza karata tangu ujana, na alikuwa Mkatoliki tangu kuzaliwa, na kichwani mwake vitu hivyo viwili vilikula sahani moja. Kibaya zaidi ni kwamba ilifanya kazi. Mungu, au huyo bahati wao, alimtafuta kwa jina lake halisi akampata. Niliangusha mwiko nikamkumbatia, nikamlilia kifuani, tukaachana hivyo. Jumatatu alfajiri akaondoka na lori. Baada ya majuma mengi nikapata salamu kwamba yuko Kisumu, anatengeneza magari ya watu.

Lakini jioni ile ya Jumapili nilirudi Kabalagala nikamkuta Filda uani, anaosha vyombo. Kimya. Lile zoezi lake halikuwepo tena. Mtoto amelala karibu naye juu ya mkeka. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nikaanza, "Filda, mdogo wangu, ni Mungu aliyefanya. Ni mapenzi yake..."

"Usiniambie Mungu, dada," akasema.

"Basi ni bahati mbaya tu, kikaratasi kile..."

"Na bahati usiniambie." Akaweka sufuria chini. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililoniumiza, afadhali angenitukana. "Mimi ningemtoa tu. Ungeniuliza, ningemtoa. Ochan angetaka nimtoe kwa ajili ya kaka yake. Lakini hukuniuliza."

"Sikuuliza. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Ila kuna jambo moja." Akajifuta mikono, akachukua ile kofia, akampa mwanawe aishike. "Ochan akirudi, atakuta mwanawe anaitwa jina la mtu mwingine. Mimi sitaweza kumweleza. Wewe ndiye utakayemweleza."

"Nitamweleza."

"Apa."

Nikaapa, kwa rozari hii hii.

Saverio alirudi mwaka wa sabini na tisa, serikali ile ilipoanguka. Alimkuta kijana anatembea, anaitwa Ongom uani, na wao wawili wanageuka pamoja. Alitaka jina libadilishwe, alikwenda mpaka kwa Padre, Padre akasema maji yakishamwagwa hayarudi ndani ya jagi. Filda akasema mwacheni, amelizoea. Sasa yule mtoto ana watoto wake.

Padre Bisimwa alipokuwa mzee sana nilimtembelea, akanitania, "Mama Amito, bado unaichukia bahati?" Nikamwambia namchukia kila anayeitaja. Nikisema ni Mungu aliyetoa kikaratasi kile na kutuletea mtoto wa kumficha Saverio, lazima nimuulize pale kwenye kituo cha mafuta alikuwa wapi. Nikisema ni bahati tu, basi kila Jumapili nakwenda kumshukuru nani? Kwa hiyo nashukuru na nanung'unika katika sala moja, na yeye huko juu achague. Padre hakucheka. Alisema, "Nami hivyo hivyo, mama."

Filda bado yuko. Kofia imening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wake, anaipangusa vumbi. Mbwa akibweka langoni tukiwa tumekaa, yeye hanyanyuki siku hizi, miguu haimtii. Hunigeukia mimi. Nami najiweka sawa kanga yangu, napitia maneno yangu upya, shemeji, karibu, kaa kwanza, kuna jambo naomba nikueleze kuhusu mwanao. Nayajua yote kwa moyo. Halafu naenda kufungua lango.